Spana ya "Mjerumani wa Tabora" yenye alama ya Hitler

Juzi kwenye grupu letu la vitu vya kale jamaa kaweka spana imejaa kutu. "Ya Mjerumani, imechimbwa Tabora, vita ya kwanza." Bei yake unapata pikipiki iliyotumika. Nikaikuza picha: ubavuni kagongwa tai kashika swastika.

Haya, tuhesabu. Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 1916, Mjerumani akaondoka. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wao wa Afrika Mashariki, akaweka silaha chini Abercorn (leo Mbala, Zambia) Novemba 1918. Chama cha Hitler kiliichukua swastika 1920, jeshi likaanza kuivaa 1934. Sasa hiyo spana aliizika nani, mzimu? Na bado watu wanaandika "nicheki pembeni, kaka".

Kinachonichosha ni hii imani ya kutu. Kutu si cheti cha kuzaliwa! Chuma kipya kipake chumvi na siki, kiache nje, wiki haiishi kimeshakuwa babu. Cha kuangalia ni muhuri. Chuma kilichogongwa kiwandani huzeeka pamoja na muhuri wake: kutu imeingia mpaka ndani ya herufi, kingo zimelika. Kilichogongwa juzi utakuta herufi zimechanja juu ya kutu, na ndani chuma bado kinang'aa. Kama kimemiminwa kwenye kalibu, herufi hutoka butu na zina vitundu vidogo. Piga picha kwa karibu, mwanga utokee ubavuni, utaona mwenyewe.

Vya Vita ya Pili ni kazi zaidi. Kuanzia 1940 viwanda vilificha majina kwa herufi ndogo: byf ni Mauser, watengeneza bunduki, blc ni Zeiss, watengeneza lenzi. Lakini matapeli nao wameshazikariri.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba jeshi lilitumia pia zana za kawaida za madukani, hazina muhuri wowote wa jeshi. Sawa, basi niuzie kwa bei ya spana.

Na ukitaka cha Tabora kweli, tafuta sarafu za heller 20, pesa ya Mjerumani enzi za koloni, za 1916, zenye herufi T. Mjerumani kazibiwa bahari na Mwingereza, sarafu zimemwishia, akazigonga kwenye karakana ya reli, nyingine kwa shaba ya maganda ya mizinga. Ni mbaya kweli: picha hafifu, nyingine zimegongwa upande. Ukiletewa iliyonyooka kama imetoka benki leo asubuhi, mrudishie mwenyewe.