Unalipa Pesa Ili Utembee?

Mama aliponikuta nafunga begi aliuliza jambo moja tu: "Mwanangu, magari hakuna?" Nikamwambia magari yapo, tena mengi, ila mimi na wenzangu wawili tumeamua kutembea siku tatu kwenye milima na makorongo ya Kondoa, na kuna mzee wa huko tunamlipa atuongoze. Akauweka chini ungo aliokuwa anapetea uwele. "Unalipa pesa ili utembee?"

Mama ni mzaliwa wa Mpwapwa. Utoto wake wote aliamka jogoo la kwanza kufuata maji, akarudi jua limeshachoma, ndoo kichwani. Kwake kutembea ni kazi, na ni kazi ya mtu asiye na njia nyingine. Hapa kwetu katikati ya nchi, ukionekana barabarani saa saba mchana unatembea mwendo mrefu, mwenye bodaboda atasimama akuhurumie. Ndiyo maana likizo zetu ni za kukaa. Mwenye nacho anakwenda Zanzibar akalale ufukweni, asiye nacho anakwenda kijijini kwenye harusi au arobaini. Kutembea tumewaachia wageni, nao wanatupita Dodoma kama kituo cha kuchimba dawa wakielekea kwingine.

Mimi naona tunajinyima. Mwenye miguu mizima anayeishi Dodoma, Singida au Manyoni, akapata siku tatu za likizo, azitumie kutembea kwenye nchi hii tunayoiita kame. Lakini swali la mama ni la haki, na mtu asianze safari kabla hajalijibu. Ukitembea kwa starehe pale ambapo mwenzako anatembea kwa shida, basi tembea kama anavyotembea yeye: pole pole, na mwenye njia akiwa mbele yako.

Nasema hivyo kwa sababu mara ya kwanza nilikosea. Nilikwenda Kolo, huko huko Kondoa kwenye michoro ya kale ya mwambani, na kampuni moja ya kuzungusha watalii, kundi zima ndani ya Coaster. Barabara ya lami kutoka Dodoma hadi Babati imerahisisha mambo, asubuhi unaondoka mjini na kabla ya chakula cha mchana uko Kolo. Tulipandishwa mwambani mbio mbio, tukapewa kama nusu saa. Mtu wetu wa msafara alipoona michoro imefifia akachukua chupa ya maji akaurushia ukuta ili rangi ikolee kwenye picha. Nilinyamaza. Hadi leo kunyamaza kule kunaniuma. Michoro ile ina maelfu ya miaka. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alikaa miezi mwaka 1951 akiinakili mmoja mmoja, na mwaka 2006 UNESCO iliyaingiza maeneo haya ya michoro kwenye orodha ya urithi wa dunia, eneo la kilomita za mraba 2,336. Maji yakirushwa leo, na kesho, na keshokutwa, rangi inaondoka na haina wa kuirudisha.

Safari ya pili ilikuwa mwezi wa nane, kipupwe kinamalizikia. Usiku baridi, mchana jua kali lakini la kuvumilika. Tulilipa viingilio ofisi ya mambo ya kale pale Kolo, tukaamkia, mzee akatutazama viatu kabla ya kutazama nyuso. Kisha akauliza kila mmoja ana maji kiasi gani. Mwenzetu mmoja alikuwa na chupa ya lita moja na nusu. Mzee hakusema kitu, alikwenda dukani mwenyewe akarudi na dumu la lita tano.

Siku ya kwanza yote tulikuwa ndani ya korongo. Asiyewahi kuingia korongo la Kondoa hudhani ni mtaro mkubwa tu. Unashuka kwenye mchanga mweupe, kuta za udongo mwekundu zinapanda pande zote mbili, na kadiri unavyokwenda anga linakuwa utepe. Ukutani unaona mizizi ya mti inaning'inia hewani, mti wenyewe uko juu ukingoni, nusu una ardhi, nusu hauna. Niliweka kiganja ukutani, udongo ukachuruzika kama unga wa mtama unaomwagika kwenye debe. Mvua ya mkoa huu ni kidogo, lakini karibu yote inakuja kati ya Desemba na Aprili, na ikinyesha inapiga. Ikikuta ardhi iko uchi, haina nyasi wala kichaka, inaichana.

Na ardhi hii iliwahi kuwa uchi kabisa. Miti ilikatwa, mifugo ikazidi, milima ya Irangi ikabaki mbavu. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, wenyeji wanauita HADO mpaka leo, na mwaka 1979 ikatolewa amri mifugo yote iondoke eneo lililoharibika. Ni ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, wapatao elfu tisini. Mzee wetu wakati huo alikuwa mvulana wa kuchunga. Tulikaa naye chini ya mkwaju akatusimulia jinsi baba yake alivyowapeleka ng'ombe kwa ndugu nyikani, na jinsi nyumba ilivyokosa maziwa. "Tulilia," alisema, "kisha nyasi zikaota." Akatuonyesha kwa fimbo: matuta ya kukinga maji yaliyochimbwa ubavuni mwa kilima, safu za mkonge, na chini kabisa ya korongo, pale palipokuwa mchanga mtupu, matete na migomba ya mtu. Baadaye mifugo iliruhusiwa kurudi kwa masharti, ilishwe zizini.

Jambo hili huwezi kuliona kwenye gari. Ukipita kwa gari unaona mlima wenye vichaka, basi. Ukitembea unaona kuwa kila kichaka kile kiligharimu kitu, na aliyelipa anatembea mbele yako.

Siku ya pili tulipanda Mungumi wa Kolo. Njia inavuka mto wa mchanga halafu inakaza, mawe makubwa, pimbi wanakuchungulia kisha wanatoweka. Juu kuna mapango yenye michoro myekundu: watu warefu wembamba, vichwa kama vimefungwa vilemba, twiga, tembo, pofu. Ukigeuka, nyika ya Umasai imelala mbele yako mpaka macho yanachoka. Hapa wenyeji bado wanakuja kutambika, kuomba mvua na uponyaji, na pombe ya nafaka hunyunyizwa. Wahifadhi wana wasiwasi na pombe hiyo juu ya michoro, na wasiwasi wao naelewa. Lakini sikubali aliyekuja na tambiko la mababu awekwe kapu moja na yule wa chupa ya maji kwa ajili ya picha. Mmoja anarudi miaka yote, mwingine hajui hata jina la mlima. Wakae na wazee wakubaliane, maana bila wazee hao mapango yale yangekuwa yamechimbwa yote na wanaotafuta hazina ya Mjerumani. Mashimo yao yapo, tuliyaona.

Tukishuka, maji yaliisha. Lile dumu na chupa zote, kabla ya saa tisa. Mzee akatupeleka mtoni, kwenye mchanga mkavu kabisa, akatafuta mahali penye unyevu kwa kukanyaga, akapiga magoti akaanza kuchimba kwa bakuli. Akachimba mpaka mkono ukaingia hadi kiwikoni. Maji yakaanza kujikusanya chini, machafu. Akayachota akayamwaga. Yakaja tena, akamwaga tena. Mara ya tatu yakatulia, meupe, unaona punje za mchanga chini. Akatupa kata ya kibuyu. Sijawahi kunywa maji ya baridi namna ile.

Kabla hatujaondoka alikata tawi la mgunga akafunika shimo. Nilidhani ni alama tu, sikuuliza.

Neno moja kwa wanaotaka kwenda: msiingie korongoni msimu wa mvua, hata kama juu yenu anga ni la buluu. Maji ya korongo hayatoki juu ya kichwa chako, yanatoka mlimani ulikotoka mto. Marekani, jimbo la Arizona, watu 11 walikufa ndani ya Antelope Canyon mwezi Agosti 1997 kwa mvua iliyonyesha mbali na pale walipokuwa. Makorongo yetu yana tabia hiyo hiyo. Mwenyeji akikwambia leo hatuingii, usibishane naye kwa sababu umelipa.

Nilirudi nyumbani jioni ya siku ya tatu, mguu mmoja una malengelenge. Mama akanipakulia ugali wa uwele na mlenda, akakaa pembeni akinitazama nakula. Nikamweleza kuhusu HADO, hakushangaa. Nikamweleza michoro, akaitikia tu. Nilipofika kwenye shimo la mchangani akainua kichwa.

"Mlichota mara ngapi kabla ya kunywa?"

"Mara mbili tulimwaga, ya tatu tukanywa."

"Mlifunika?"

"Mzee alifunika kwa miiba."

"Ili mbuzi wasichafue," alisema. Akachukua kibakuli changu akaniongezea mlenda, kisha akauliza mwaka kesho tunakwenda mwezi gani.