Kashata za Tope, Safari ya Kilombero Sokoni

Arusha kila mwenye gari lenye spea mgongoni ni dereva wa porini. Muulize porini wapi, atakujibu Ngorongoro. Mbane kidogo, unakuta alikwenda na basi la shule, darasa la sita, na njiani alitapika. Leo Prado lake limevalishwa matairi ya kashata, yale mabonge ya mpira ya usoni, nene kuliko soli ya buti la mgambo, na safari yake ndefu kwa wiki nzima ni kutoka Njiro kwenda soko la Kilombero kufuata vitunguu.

Ukipanda naye, sahau maongezi. Zile nafasi pana kati ya kashata na kashata zinabana hewa zikigusa lami, zikiinuka zinaiachia, na ngurumo inatokea hapo. Gari likifika 80 mnasalimiana kwa kupayuka. "Mama hajambo?" "Nani?" "Mama!" "Amana ipi?" Na hapo tairi bado jipya. Likishaliwa upande upande, kelele inazidi, na mwenye gari anaanza kubadilisha beringi za magurudumu ambazo hazina kosa lolote.

Mimi sina ugomvi na tairi la tope. Tatizo ni kwamba tope lenyewe wengi wetu hatunalo. Masika ni Machi hadi Mei, vuli kidogo mwishoni mwa mwaka, na hata siku hizo, kama njia yako ni Arusha–Moshi kwa lami, tope unalokutana nalo ni lile ulilorushiwa na Noah kwenye kioo. Tairi la kawaida la lami likiwa jipya kashata zake zina kina cha milimita 8 au 9. La A/T, lile la mchanganyiko, kama 12. La M/T, lile la tope, linaanzia 14 kwenda juu. Basi mtu anapiga hesabu za duka la mangi: kina zaidi, maisha zaidi. Haiendi hivyo. Kashata ndefu iliyosimama peke yake inayumba kila ukikata kona au kushika breki, inasuguliwa ncha moja, na lami inaila haraka kuliko inavyoila A/T. Lami ikiwa na maji ndiyo balaa, kwa sababu mpira unaogusa barabara ni mchache na gari linachelewa kusimama. Ukiwa unateremkia mto Kikavu kwenye mvua, mbele yako Fuso la ndizi limepiga breki ghafla, hutajali tena kama gari lako linatisha.

Mtu wa lami siku tano na vumbi siku mbili anunue A/T, alale. M/T ni ya mwenye shamba Simanjiro, ya mtu wa kambi za porini, ya anayepeleka wapagazi lango la Londorosi, Kilimanjaro, wakati mvua haijaamua kuacha. Hao hawana ujanja, waendelee kusoma.

Dukani sasa. Muuzaji wa matairi ana sentensi moja tu: "Bosi, hii haifi." Anaisema huku anapigapiga tairi kofi. Tairi lenyewe limepakwa dawa nyeusi linang'aa, unaona hadi uso wako. Futa hiyo dawa kwa kitambaa. Bonyeza ubavu kwa dole gumba kwa nguvu, halafu chungulia kwenye shina la kashata, pale inapoota. Ukiona mipasuko midogo midogo, mpira umeshakauka. Vile vindevu vya mpira visikudanganye. Tairi lililolala stoo miaka saba linavyo vyote, havijapungua hata kimoja.

Kisha tafuta herufi DOT. Mwisho wa msururu ule kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 1423 ni wiki ya 14 ya mwaka 2023. Msururu kamili kwa kawaida uko ubavu mmoja tu, na kwa bahati ya maskini ubavu huo huwa umeegemezwa ukutani. Liviringishe, hata kama muuzaji anakunja uso. Akisema "hiyo namba ya kiwanda tu, bosi, haina kazi", vaa miwani usome vizuri zaidi. Tairi lenye zaidi ya miaka mitano, hata kama halijawahi kugusa ardhi, usilipie bei ya jipya.

Kuna na lililochongwa. Mtu anachukua tairi lililokwisha, anapitisha kisu cha moto, anafukua mifereji upya, na kwa mbali linapendeza kabisa. Angalia begani mwa tairi, kuna alama ya TWI au pembetatu ndogo. Shuka nayo mpaka mferejini, utakuta kibonge cha mpira kinachoonyesha kikomo cha kuisha. Kama kibonge hakipo, au kimekatwa katikati, kisu kimepita hapo, na chini yake kumebaki ngozi nyembamba juu ya nyaya. Jiwe la kwanza tu, kwisha habari.

Halafu kuna hii ya "plai kumi". Kila tairi Arusha lina plai kumi, hata la bajaji. Kumi ile ni daraja la nguvu, haina maana kwamba ndani kuna matabaka kumi. Idadi ya kweli imeandikwa ubavuni kwa herufi ndogo: matabaka mangapi usoni, mangapi mbavuni. Unalotafuta ni matatu mbavuni. Mengi yana mawili, na mengine yana moja huku usoni yamejaa kashata za vita. Usoni jambazi, mbavuni mgonjwa.

Soma na uzito. Saizi ileile ya 265/70R16, moja limeandikwa 112, jingine lina LT mbele, yaani la gari la mzigo mwepesi, na 121/118Q. Ile 112 ni kilo 1,120 kwa tairi. 121 ni kilo 1,450, ila ukilijaza upepo wake wote wa pauni 80. 118 ni kilo 1,320 yakifungwa mawili mawili. Q ni mwendo usiozidi 160 kwa saa, na mtu wa kukimbia 160 na ngurumo ile sijui anafukuzwa na nini. Gari la watalii lenye paa la kuinuka, watu saba, mabegi, friji na spea mbili halitakiwi kuwa juu ya lile la kwanza. Kwenye Prado la kawaida, LT linataka upepo zaidi ya kibandiko cha mlangoni, la sivyo linapata joto bure.

Saizi nayo ina ushamba wake. Mtu ana Prado la 265/65R17, kipenyo cha tairi milimita 776. Anataka gari liinuke. Akiweka 265/70R17 kipenyo kinakuwa 803, hapo sawa, tofauti asilimia tatu na ushee. Lakini hapana, yeye anaruka hadi 285/75R17, milimita 859. Akikata usukani wote, tairi linakula madigadi. Gari linakuwa zito kuondoka. Na mzunguko umeongezeka karibu asilimia 11, kwa hiyo mshale ambao ungesema kweli 50 sasa unasema 50 gari likiwa kwenye 55. Ndugu yangu, Arusha–Moshi ile ina vibao vya 50 mpaka penye mbuzi wawili, na tochi ya trafiki iko nyuma ya mgomba. Faini hiyo. Umjibu nini afande? Kwamba tatizo ni kipenyo?

Kitu ambacho hakisemwi dukani ni hiki: nunua saizi ambayo fundi pancha wa mbali anayo. Canter nyingi zinatembelea 7.00-16 na 7.50-16, ndiyo maana hata penye duka moja na kanisa moja tyubu ya 7.50-16 huikosi. Land Cruiser ya kazi ikiwa na 7.50R16 au 235/85R16 inaokolewa popote. Mwenye ringi za inchi 20 atasubiri wokovu wake utoke Arusha kwa bodaboda.

Tukija kwenye tope lenyewe. Udongo mweusi wa mbuga, ule wa mabonde ya Tarangire na Simanjiro, ukilowa unanata. Tairi la A/T linajaa mizunguko miwili mitatu tu na kugeuka kipara, gari linaserereka kuelekea linakotaka lenyewe. M/T inapona kwa sababu mifereji yake ni mipana na tope linarushwa nje, ila linarushwa tairi likizunguka. Ukinyata mno, na M/T inajaa. Gia nzito, namba mbili, mguu wa mafuta uleule, breki usiiguse katikati. Upepo shusha hadi 20 au 22. Chini ya 15 tairi linachomoka kwenye ringi ukikata kona, na hilo ni tatizo jingine kabisa.

Watu wanabishana jembamba au pana mpaka bia zinachacha. Inategemea chini kuna nini. Tope lenye sakafu ngumu, jembamba linakata, linafika chini, linashika. Tope lisilo na sakafu, jembamba linaendelea kushuka tu kwenda kusalimia mizimu. Hapo pana ndiyo afadhali. Kwenye mchanga wa mto mkavu kashata kubwa zinachimba tu, kwa hiyo mguu mwepesi, na upepo ushuke tena hadi 17 hivi.

Pembeni ya kila dimbwi la maana kuna vijana na machepe. "Shikamoo mzee. Hapa hupiti." Kabla hujashusha kioo wameshasoma kashata zako na bei imepangwa. Mwenye kipara analipa kidogo, maana amekwamia mlangoni. Mwenye M/T analipa kuliko wote: yeye hukwama katikati.

Ukitoka, rudisha upepo. Kompresa ndogo ya betri itachukua dakika tano hadi kumi kwa kila tairi, na hapo ndipo uvivu unapoua. Mtu anapanda lami Makuyuni na pauni 20, anakamata 100, mbavu zinakunjika na kukunjuka, zinachemka, na kabla ya Kisongo tairi limepasuka. Muuzaji analaumiwa bure.

Mawe ya njia ya Ziwa Natron yana sheria zake. Ni makali, na adui pale ni ubavu. Ukijaza sana, uso unatobolewa. Ukishusha sana, ubavu unatoka nje kama shavu na jiwe linauchana. Kaa 28 hadi 32, punguza mwendo. Tundu la usoni lisilozidi milimita 6 linazibika. Ubavu ukichanika hakuna kiraka, ni tyubu ya kukufikisha mjini polepole, na kabla ya kuiweka ng'oa vibandiko vyote vya ndani, vinaisaga tyubu mpaka itoboke. Baada ya hapo tairi ni la fundi wa katambuga, na hata yeye anachagua. Lenye nyaya za chuma analisukuma pembeni, linachoma miguu ya wateja.

Mji huuhuu ulikuwa na kiwanda chake cha matairi, General Tyre, kilichoacha kuzalisha mwaka 2007. Sasa tunaulizana kontena limefika wapi.

Siku ya kufunga simama pale pale. Fundi apake sabuni kwenye ukingo wa tairi, asipake oili chafu. Oili inalainisha mpira na tairi linateleza ndani ya ringi. Valvu mpya. Balansi. Nati zikazwe tena ukishatembea kilomita 50 hadi 100. Na uyanunue matano, uyazungushe yote matano kila kilomita 8,000 hadi 10,000, maana Prado linavuta miguu yote wakati wote na tairi moja la kipenyo tofauti linaitesa difu ya katikati. Ila sisi tunanunua manne. La tano ni lile la zamani, limechomwa na jua mlangoni miaka tisa, limevalishwa kava lenye picha ya twiga, limefungwa kufuli. Siku likihitajika, fundi anauliza:

"Funguo uko wapi, bosi?"

"Uko kwa shemeji, Sakina."