Breki ya Nyanya

Nyanya alikubali kukalia kiti cha magurudumu kwa sharti moja tu: asipelekwe hospitali nacho. "Nitoe nikaone miti." Nyonga ilikuwa imemchosha, hatua ishirini na pumzi ziko juu. Tukaazima kiti kwa jirani, nikampeleka Haller Park, bustani ya wanyama huko Bamburi, Mombasa, kwa kuwa njia zake ni pana na karibu zote tambarare. Zamani palikuwa machimbo ya mawe ya saruji. Mwaka 1971 wakaanza kupanda mivinje juu ya jiwe tupu la matumbawe, kisha wakaleta majongoo watafune majani yaliyodondoka mpaka yawe udongo. Hayo yote nilimweleza kwa sauti ya mwalimu.

"Majongoo wamefanya kazi yao," akasema. "Nawe sukuma."

Nikasukuma. Jamani, vile vigurudumu vidogo vya mbele vikikuta mchanga laini hujichimbia kaburi, na abiria huendelea na safari peke yake! Nilimdaka Nyanya kwa buibui. Tangu hapo kila penye mchanga nilikigeuza kiti, nikawa nakivuta kinyumenyume.

Kwenye kamteremko kadogo nikamweka kivulini, nikaenda kununua chakula cha twiga. Breki nilifunga. Yaani, nilifunga moja.

"Weee!"

Haikuwa sauti ya hofu. Ndivyo anavyomwita konda aliyempitisha kituo. Kiti kilikuwa kikiteremka polepole, kwa adabu kabisa, mpaka kikagota kwenye kobe. Mle kuna kobe wakubwa mno wanaozurura njiani, na huyu alikuwa amelala kama jiwe. Hakushtuka. Nyanya naye hakushtuka.

"Huyu ndiye yule mama wa kiboko?"

Nikamwambia yule kobe aliitwa Mzee, tena dume, na Owen, mtoto wa kiboko aliyepotezana na mama yake, aliletwa hapa baada ya tsunami ya 2004, akamganda Mzee kama mzazi.

"Aliyelea ni mama," akakata kesi, akaanza kumkuna kobe shingo kwa ncha ya bakora.

Sikujua kwamba kobe wa aina hii akikunwa shingo husimama wima kwa miguu yote minne, shingo juu, kama bwana harusi anayepigiwa taarab. Na vibao vya kuwekea miguu vilikuwa vimepanda ukingoni mwa gamba lake. Kobe akainuka, vibao vikainuka, Nyanya akainuka. Nilitupa chakula, nikadaka vishikio nikiwa nimepiga magoti, Nyanya akitazama mbingu.

"Nyanya, acha kumkuna!"

"Mbona anapenda?"

"Anakuangusha!"

"Wewe shika. Si ndiyo kazi yako?"

Wanafunzi waliokuja kutembea wakatupigia makofi. Mkono wa Nyanya ulipochoka, kobe akashuka kwa sauti ya tairi lililotoboka, hata nikakagua magurudumu kwanza. Kisha akasogea taratibu, akakila chakula chote cha twiga.

Jioni jirani akauliza kama kiti kilifaa.

"Kiti hakina neno," Nyanya akajibu. "Ila breki yake moja tumeiacha Bamburi, inakula."