Gesi ya Kyejo isiishie kwenye soda tu

Mpwa wangu anasoma kemia mwaka wa tatu, juzi karudi hapa Mbeya macho mekundu, kichwa kinamgonga, kashinda siku nzima na toluini, kile kimiminika chenye mvuke mkali cha kuyeyushia vitu, kwenye maabara ambayo feni ya kutolea hewa imekufa toka mwaka jana. Nikamuuliza mlikuwa mnatengeneza nini, akasema vichocheo, vile vya kuharakisha mmenyuko wa kemia, yaani metali ya paladi juu ya kaboni. Na hiyo toluini mkishamaliza mnaipeleka wapi mjomba? Akanyamaza. Imeishia kwenye sinki hiyo, imeniuma jamani.

Imeniuma zaidi kwa sababu kule Kyejo, Rungwe, kabonidayoksaidi inatoka yenyewe ardhini, inasafishwa, inagandamizwa mpaka inakuwa kimiminika, malori yanaibeba kwenda viwanda vya soda. Na hicho kimiminika ni kiyeyusho kama toluini! Mkemia Kurt Zosel kule Mülheim, Ujerumani, miaka ya 1960 aliona gesi hiyohiyo ikigandamizwa inayeyusha vitu, na leo kuna viwanda vinatoa kafeini kwenye kahawa kwa njia hiyo. Sisi tuna kahawa Mbozi na gesi Rungwe.

Sasa kwenye vichocheo ndo inanoga. Kaboni au alumina (oksidi ya alumini) inayobeba metali ina vitundu vidogo mno na metali inatakiwa iingie hadi ndani kabisa, lakini ukiibeba na maji, yakikauka yanaikokota mpaka mdomoni mwa tundu inarundikana huko, paladi ya hela nyingi imekaa bure. Kabonidayoksaidi ya kimiminika mvutano wake wa uso, ile nguvu inayofanya maji yajikunje kuwa tone, ni mdogo sana, inapenya, na kwa nyuzi 20 za huku kwetu inatulia kwenye bar 57 hivi, kama mara 57 ya mgandamizo wa hewa ya kawaida. Ukivuka nyuzi 31 na bar 74 mvutano wenyewe unaisha kabisa, inapenya kama gesi huku inayeyusha kama kimiminika. Unaingiza haidrojeni ya kuirudisha metali kuwa tupu, inabaki humo tunduni chembe za nanomita chache (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita), unafungua valvu taratibu, gesi inaondoka. Hakuna cha kukausha wala cha kumwaga.

Haya, nakubali, chumvi za kawaida za metali haziyeyuki humo, mpaka metali uifunge na molekuli za kikaboni, nyingi zina florini na bei yake inatisha. Chombo cha kuhimili bar 100 nacho si cha kuchomelea Mwanjelwa, kikipasuka kinaua, na gesi ikivuja chumbani inatanda chini inakaba pumzi. Lakini chombo unanunua mara moja, toluini wale watoto wanaivuta kila wiki!

Nimemwambia mpwa wangu mradi wake wa mwaka wa mwisho uwe huu, amuone mwalimu wake Jumatatu, chuo kikitoa chombo gesi nanunua mimi.