UNION inafuta nini hasa?

Una maswali mawili kwa hifadhidata: la kwanza linaleta wateja walionunua, la pili walioleta malalamiko. Unataka orodha moja, kila mteja mara moja tu. Uiachie hifadhidata ichuje kwa UNION, yaani amri ya SQL inayounganisha matokeo ya maswali mawili na kufuta mistari inayojirudia, au uchukue matokeo yote uyachuje ndani ya programu?

Wanaoitetea UNION wana hoja nzito. Data inachujwa palepale ilipo, na kinachosafiri mtandaoni ni kidogo. Ukigawa matokeo kwa kurasa za mistari 20 kisha ndipo uchuje, ukurasa mmoja unaweza kubaki na 13 na mtumiaji asielewe wengine wamekwenda wapi.

Lakini UNION hulinganisha mstari mzima, na hapo ndipo wengi huteleza. Ukiwa na safu za namba na jina, mteja namba 417 anatokea mara moja. Ongeza safu ya “chanzo”, yenye “ununuzi” upande huu na “lalamiko” upande ule, na 417 anarudi mara mbili bila onyo lolote. (Safu hiyo ndiyo wakubwa huiomba kwanza.) Kinyume chake kinauma zaidi: unganisha malipo ya matawi mawili kwa tarehe na kiasi pekee, na malipo mawili halali ya 5,000 ya siku moja yanageuka moja. Jumla inapungua kimyakimya. Hata yangetoka tawi lilelile, UNION ingeyafuta. Hapo dawa ni UNION ALL, isiyofuta kitu, na kwa kawaida huwa nyepesi zaidi.

Ndani ya programu unaamua mwenyewe “sawa” ni nini: namba ya mteja, au labda barua pepe iliyokwisha kuondolewa nafasi na herufi kubwa. Unaweka kila namba kwenye seti, yaani mkusanyiko usiorudia kitu; iliyomo tayari unairuka. Gharama yake ni kumbukumbu. Mistari mia chache si kitu, milioni kadhaa ni habari nyingine.

Mimi huanzia kwenye hifadhidata, ila UNION huipa namba za wateja peke yake, kisha kwa namba hizo nikaleta majina na mengineyo. Chanzo kikihitajika, natumia UNION ALL halafu GROUP BY kwa namba, inayokusanya pamoja mistari ya mteja mmoja. ORDER BY, amri ya kupanga matokeo, siiachi kamwe. Wapo wanaoamini UNION hupanga matokeo, kumbe ni bahati tu: injini ya hifadhidata ikiamua kutumia heshi (njia ya kutambua mistari inayofanana bila kuipanga) badala ya kupanga, mpangilio huo unapotea.