Léon Bonnat hakustahili kusahaulika

Katika ukumbi wa parokia niliyolelewa, mkoani Tabora, palitundikwa picha ya Kardinali Lavigerie juu ya kabati la vitabu. Ilikuwa nakala ya karatasi iliyokwisha kugeuka rangi ya chai pembeni, na sisi watoto wa katekesi tulimjua tu kama mzee wa ndevu nyeupe aliyewatuma Mapadri Weupe, wamisionari wa Kikatoliki. Nilikuwa mtu mzima nilipoona kwa mara ya kwanza picha nyingine ya kardinali huyo, iliyochorwa kwa rangi za mafuta mwaka 1888, na ndipo nilipolifahamu jina la mchoraji wake, Léon Bonnat.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimfuatilia Bonnat, na kadiri ninavyozitazama kazi zake ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba historia ya sanaa imemdhulumu. Vitabu vingi humtaja kwa sentensi moja, kama mfano wa wachoraji wa chuo walioshika mapokeo wakati wengine walipokuwa wakitafuta njia mpya, kisha huharakisha kwenda kwa Monet na Degas. Mtu huyu alichora wakubwa wa Ufaransa kwa karibu nusu karne, akalipwa vizuri sana, na bado alizitazama nyuso zao kama shahidi aliyekwisha kula kiapo. Hilo ni jambo adimu kwa mtu anayekula mezani pa wenye nguvu.

Alizaliwa tarehe 20 Juni 1833 mjini Bayonne, kusini-magharibi mwa Ufaransa, karibu na mpaka wa Hispania. Alipokuwa angali kijana, familia yake ilihamia Madrid, ambako baba yake alikuwa na duka la vitabu, na huko ndiko alikojifunza kuchora chini ya mchoraji Federico de Madrazo. Nadhani miaka hiyo ya Madrid ndiyo iliyomfanya awe alivyokuwa, kwa sababu katika jumba la makumbusho la Prado aliweza kusimama mbele ya kazi za Velázquez na Ribera, wachoraji wakuu wa Hispania wa zamani, akaona jinsi uso unavyoweza kutokeza kutoka gizani bila pazia, bila nguzo, bila bustani nyuma yake. Baba alipofariki walirudi Bayonne, na halmashauri ya mji ikampa kijana huyo fedha za kwenda kusoma Paris, katika karakana ya Léon Cogniet. Mwaka 1857 alishindania Tuzo ya Roma, iliyompeleka mshindi kusoma Roma na iliyokuwa ndoto ya kila mwanafunzi wa sanaa nchini humo, akaambulia tuzo ya pili. Hata hivyo alikwenda Roma, akakaa huko miaka kadhaa na kufanya urafiki na wachoraji wenzake Degas na Gustave Moreau.

Hakuanza kama mchoraji wa picha za watu. Alitaka kuchora habari za Biblia, na mwaka 1874 alionyesha Kristo Msalabani, picha iliyoagizwa kwa ajili ya mahakama ya Paris. Inasimuliwa kwamba aliifunga maiti halisi msalabani ili aone jinsi uzito wa mwili unavyovuta mikono na mabega. Mimi ni Mkristo, na habari hiyo hunitia ubaridi kila ninapoikumbuka, lakini inamweleza Bonnat vizuri kuliko sifa zote: hakutaka kuchora kitu ambacho macho yake hayakukiona.

Mwaka huohuo alimchora mwigizaji wa tamthilia, Madame Pasca, akiwa amesimama katika gauni jeupe lenye mapambo ya manyoya, na baada ya hapo milango ikafunguka. Alimchora Adolphe Thiers, aliyekuwa rais wa Ufaransa, mwaka 1876, mwandishi Victor Hugo mwaka 1879, mwanasayansi Pasteur mwaka 1886 na mwanahistoria Renan mwaka 1892, pamoja na matajiri wa Kimarekani waliovuka bahari ili wakae mbele ya brashi yake. Nyakati hizo kamera ilikuwa imekwisha kuenea, na mtu angeweza kupata sura yake kwa dakika chache. Kwa Bonnat ilibidi urudi karakanani tena na tena, ukae kimya, utazamwe.

Itazame picha ya Hugo. Mzee amekaa, kiwiko chake kimeegemea kitabu cha Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, kichwa kimelalia mkono. Nguo ni nyeusi, na nyuma yake ni kahawia tupu, hivyo jicho la mtazamaji halina pa kwenda isipokuwa kwenye uso na mkono. Hapo ndipo Bonnat alipoweka rangi nzito: ndevu nyeupe, paji la uso lililopokea mwanga kutoka juu, ngozi iliyolegea chini ya macho. Hugo alikuwa amefikia miaka sabini na saba, na mchoraji hakumpunguzia hata mwaka mmoja.

Narudi kwa Lavigerie, kwa kuwa picha yake inatugusa sisi moja kwa moja. Yeye pia alizaliwa Bayonne, mwaka 1825, kwa hiyo mbele ya turubai walikutana wana wawili wa mji mmoja. Shirika lake alikuwa ameliasisi Aljeria mwaka 1868; miaka kumi baadaye msafara wake wa kwanza uliondoka Bagamoyo, ukapita Tabora, na mwaka 1879 mapadri wake wakafika Uganda. Mwaka 1888, mwaka wa picha hiyo, alikuwa akizunguka miji ya Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa. Mchoraji mwingine angemwinua macho mbinguni kama mtakatifu. Bonnat alimkalisha katika mavazi yake mekundu, mzito, ndevu zimetanda kifuani, na uso ninaousoma kuwa wa mtu aliyezoea kuamuru na kutiiwa. Nashukuru kwamba alituachia uso huo, kwa sababu waliokuja kwetu walikuwa na huruma na walikuwa na nguvu pia, na mtu anayetaka kuelewa yaliyotokea anahitaji kuviona vyote viwili.

Siwezi kuficha udhaifu wake. Zikiwekwa picha zake kumi ukutani, kahawia ile ile na mwanga ule ule huchosha, na katika nyingine unahisi kwamba mkono ulifanya kazi kwa mazoea. Lakini madai kwamba alikuwa kizuizi kwa vijana yanapaswa kupimwa kwa majina ya waliopita mikononi mwake: Toulouse-Lautrec, Caillebotte, Munch, Dufy, wote waliokuja kuwa wachoraji mashuhuri wa njia mpya. Lautrec aliandika kwamba mwalimu wake alimwambia rangi zake si mbaya, ila uchoraji wake wa mistari ni wa kutisha kabisa. Ni maneno makali, lakini ni ya mwalimu aliyeitazama karatasi. Mwaka 1905 Bonnat alikabidhiwa uongozi wa Chuo cha Sanaa cha Paris, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Fedha alizolipwa na wakubwa hao alizitumia kununua michoro ya Rembrandt, Dürer, Michelangelo na Ingres, mmoja baada ya mwingine, kwa miaka mingi. Kisha michoro hiyo akaupa mji wa Bayonne, ule ule uliomlipia masomo alipokuwa yatima wa baba. Jumba la makumbusho lenye jina lake liko huko hadi leo, na miongoni mwa vitu vilivyomo ni picha ndogo ya Bonnat mwenyewe akiwa kijana, kabla ya marais na makardinali, iliyochorwa yapata mwaka 1863 na rafiki yake wa Roma, Degas.