Kabati la Troya

Kosa lilianzia kwenye mashine ya kopi, si kichwani mwangu. Naomba hilo lieleweke mapema.

Posa ya kaka yangu ilipokubaliwa, wazee waliniteua niseme neno siku ya sendofu, kwa sababu eti mimi ndiye niliyesoma. Ukweni ni watu wa shule hasa. Nikaona Kiswahili peke yake hakitatosha. Nikaazima kitabu cha maneno ya Kiingereza yaliyotokana na visa vya kale vya Wagiriki na Warumi, nikakimbilia kutoa kopi kurasa nne. Umeme unachezacheza, kijana wa dukani ana haraka, karatasi ikakaa upande. Kila mstari ukakatika kulia. Asili ya neno nilikuwa nayo. Maana yake ilibaki dukani.

Sikuona shida. Mwenye akili akipewa mwanzo, mwisho anaujaza mwenyewe.

Siku ikafika. Maturubai uani kwa wakwe, pilau inanukia, na zawadi yetu imesimama karibu na baraza: kabati la mninga la milango miwili, refu kumzidi mkwe wetu. Shangazi alikuwa anapita kwenye viti akiuliza kama kuna aliyewaona wale mapacha wa dada. Hakuna aliyemjali. MC akanipa kipaza sauti.

Nikaanza na ushindi. Karatasi ilisema Pyrrhus, mfalme wa Epirus, aliwapiga Warumi huko Asculum mwaka 279 KK, halafu pakakatika. Mfalme, tena kawapiga Warumi, unataka nini zaidi? Nikatangaza kwamba ndoa hii kwetu ni “Pyrrhic victory”. Makofi. Pale meza kuu, mzee mmoja mwenye miwani alishusha kijiko.

Nikamgeukia shemeji. Achilles, karatasi ilisema, mama yake alimchovya kwenye mto Styx ili silaha zisimdhuru, akiwa amemshika kisigino... Nikajaza: kisigino ndipo ulipokuwa mkono wa mama, basi ndipo penye mapenzi. Nikamwambia bibi harusi, mbele ya watu 200, kwamba yeye ndiye “Achilles heel” ya kaka yangu. Shemeji akatabasamu. Yule mzee akavua miwani.

Sasa zawadi. Hapa karatasi ilininyookea kabisa: Wagiriki walichonga farasi mkubwa wa mbao, wakamwacha nje ya mji wa Troya, wenyeji wakamkokota hadi ndani kwa shangwe... Mbao! Shangwe! Nikalielekezea mkono lile kabati. “Wazazi wetu, pokeeni ‘Trojan horse’ yetu. Iingizeni ndani usiku huu huu.”

Vijana wakaanza kunyanyua.

“Wekeni chini!” Mzee alikuwa amesimama. Kumbe ni mjomba wa bibi harusi, mwalimu mstaafu wa historia. “Hilo haliingii ndani mpaka lifunguliwe.”

“Shikamoo, Mwalimu. Ni tupu.”

“Marahaba. Fungua.”

Likafunguliwa. Ndani, magoti yamegusana, walikaa mapacha wa dada, katikati yao paja la ndafu ambayo ilikuwa bado haijakatwa rasmi. Mmoja alikuwa anaendelea kutafuna.

Watu walicheka hadi viti vikaanguka. Mwalimu hakucheka. Alichukua kipaza sauti akanimalizia karatasi yangu: kwamba ndani ya farasi walijificha askari, usiku wakatoka kuwafungulia wenzao malango, Troya ikateketea. Kwamba kisigino hakikupata maji, na mshale wa kumuua Achilles ulipiga hapo hapo. Na kwamba Pyrrhus alipoteza askari wengi hata akasema ushindi mwingine wa namna ile utammaliza. Kaka, ambaye alikuwa anadaiwa mahari, suti na kabati lenyewe, alitikisa kichwa polepole kama mtu anayesikia habari zake redioni.

Wiki mbili baadaye, harusini, nilikuwa nimebakiwa na neno moja: “laconic”. Karatasi ilisema Philip wa Makedonia aliwatisha Wasparta, watu wa Laconia, kwamba akiingia nchini mwao atawaangamiza, nao wakamjibu kwa neno moja tu... Nikanyoosha mkono kuomba kipaza sauti. MC akamtazama Mwalimu.

“Hapana,” akasema Mwalimu.